Nimeacha kuvaa sidiria, na kila mtu ana la kusema. Nijibu nini?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, nina miaka 31, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Tangu Februari nimeacha kuvaa sidiria, kwa sababu nilikuwa natokwa na vipele chini ya matiti na mikanda ilikuwa inanikata mabega. Nilipopata nafuu niliamua nisiirudie tena. Kazini ninavaa blauzi nzito au koti, na sioni kama ninaonyesha chochote. Lakini mama mmoja wa ofisini, ambaye sote tunamheshimu, aliniambia mbele ya watu kwamba nijiweke sawa. Kaka mmoja wa idara ya mauzo kila nikipita husema, "Leo upepo unapita." Mama mkwe wangu ananiambia matiti yatalala kabla sijapata mtoto wa pili. Rafiki yangu yeye ananiunga mkono, anasema nimwambie kila mtu kwamba sidiria inaleta saratani. Nijibu nini bila kuonekana nimekosa adabu? Na mwezi ujao kuna sendoff ya wifi yangu. Je, nivae tu siku hiyo ili yaishe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba umenieleza habari za vipele na mikanda kabla hujafika kwenye swali lenyewe, ingawa mimi sikuwa nimekuuliza kwa nini umeacha kuvaa sidiria. Nashuku kwamba hao wengine nao unawajibu hivyohivyo. Katika miaka niliyofanya kazi ya ukunga, na baadaye ya ushauri nasaha, nimewaona wanawake wengi wakijieleza namna hiyo, na nimeona kinachofuata. Ukitaja vipele, utaambiwa dawa ya kupaka. Ukitaja joto, utaambiwa ununue ya pamba. Ukitaja mikanda, utaambiwa ulikosea saizi, na mwenzako mmoja atakuelekeza duka la Kariakoo wanakopima vizuri. Kila mmoja atakuwa amesema kwa nia njema, lakini mwisho wa yote utajikuta umesimama kwenye korido ya ofisi, saa nne asubuhi, unajadiliana na watu watatu kuhusu kifua chako. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: jibu lako liwe fupi, lisiwe na sababu ndani yake, ulitoe kwa sauti yako ya kila siku, kisha uendelee na shughuli uliyokuwa nayo.

Hata hivyo, wewe mwenyewe unahitaji kuujua ukweli wa jambo hili, maana mtu asiye na hakika hujieleza sana.

Tuanze na vipele. Chini ya titi kuna mkunjo ambao jasho hukaa bila kukauka, hasa katika joto la Dar es Salaam la Februari na Machi. Ngozi inaposuguana ikiwa na unyevu hugeuka nyekundu, huchubuka na kuwasha, na mara nyingi fangasi huingia hapohapo. Sidiria ya kitambaa kisichopitisha hewa, tena yenye waya, huzidisha tatizo hilo. Lakini nitakuambia na upande wa pili: kwa mwanamke mwenye matiti mazito, kuacha sidiria kunaweza kuiacha ngozi ikigusana zaidi, na vipele vikarudi. Oga, jikaushe vizuri sehemu hiyo kwa taulo safi, na siku za joto kali weka kitambaa chepesi cha pamba katikati. Vikirudi mara kwa mara nenda kituo cha afya, na uombe wakupime na sukari, kwa sababu fangasi wanaojirudia wakati mwingine huwa dalili yake.

Kuhusu matiti kulala, mama mkwe wako anasema jambo ambalo wanawake wengi wa rika lake waliambiwa na mama zao. Ndani ya titi hamna msuli. Linashikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi za tishu ambazo daktari mpasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, alizieleza katika karne ya 19 na ambazo hadi leo hubeba jina lake. Nyuzi hizo hulegea kwa umri, kwa idadi ya mimba, kwa uzito kupanda na kushuka, na kwa uvutaji wa sigara. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walipochunguza sababu hizo walikuta hata kunyonyesha, ambako kumelaumiwa miaka yote, hakumo. Mwaka 2013 mtafiti wa Ufaransa, Jean-Denis Rouillon wa Besançon, alitangaza kwamba baada ya kuwafuatilia wanawake wapatao 330 kwa miaka 15 hakuona kwamba sidiria iliwasaidia. Wapo wanaomtaja kama ndiye aliyemaliza mjadala, lakini yeye mwenyewe alionya kwamba wanawake wale walikuwa vijana, wa miaka 18 hadi 35, na kwamba matokeo yake yasichukuliwe kuwa ya wanawake wote. Unachoweza kushika kwa uhakika ni kwamba hakuna ushahidi wa kuaminika kuwa kuacha sidiria ndiko kunakolaza matiti. Ukikimbia au kufanya mazoezi, hapo hali ni tofauti: matiti hurukaruka na kuuma, na sidiria ya mazoezi inasaidia kweli. Na mwenye matiti makubwa anayeumwa mgongo na mabega anaweza kupata nafuu kwa kuvaa inayomkaa sawasawa. Huo ni uamuzi wa starehe ya mwili wake, kama wako ulivyo wa mwili wako.

Rafiki yako anakupenda, lakini silaha anayokupa usiipokee. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle, Marekani, waliwachunguza wanawake wa miaka 55 hadi 74, wenye saratani ya matiti na wasio nayo, wakawauliza habari za sidiria walizovaa tangu ujana: saizi, waya, saa ngapi kwa siku, walianza wakiwa na umri gani. Hawakuona uhusiano wowote. Ukimjibu mama wa ofisini kwamba sidiria inaleta saratani, utakuwa umemtia hofu yeye na kila mwanamke anayevaa, kwa jambo ambalo halijathibitishwa, na siku atakayoambiwa na daktari kwamba si kweli atayapuuza na mengine yote uliyomwambia.

Sasa tuje kwa huyo mama wa ofisini, ambaye nadhani ndiye anayekunyima usingizi kuliko wote, kwa sababu ni mkubwa, unamheshimu, na alikusema mbele za watu. Sina shaka kwamba alipokuambia ujiweke sawa alikuwa anafikiria stara. Stara ni thamani yetu kweli, nami nimelelewa nayo. Lakini stara ni kusitiri mwili, na wewe umeusitiri: blauzi nzito, koti, hakuna kinachoonekana. Bibi zetu walifunga kanga kifuani, wakapika, wakateka maji, wakapokea wageni uani, na hakuna aliyewaita wasio na heshima. Kiswahili kilikuwa na neno kanchiri kwa kitambaa cha kufungia matiti, na sidiria tumelipata katika Kiarabu, katika neno la kifua. Sidiria ya kisasa yenyewe ni vazi changa: hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya Mary Phelps Jacob wa New York, aliyeanza na leso mbili na utepe, ilitolewa Novemba 1914. Anayetaka kuivaa na aivae, wala sina neno na mtu wa namna hiyo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kutoivaa ni kuziacha mila.

Kwa hiyo hapohapo mbele za watu mjibu hivi: "Nimekusikia, mama. Nimejistiri, niko sawa." Nimelichagua neno "nimejistiri" kwa makusudi, kwa sababu linakubaliana na thamani anayoitetea na papo hapo linafunga mjadala. Ukishalitoa, rudi kwenye hesabu zako. Usimtazame kusubiri aridhike.

Kisha, siku hiyohiyo, mfuate akiwa peke yake. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko jibu lenyewe. Mwambie: "Mama, nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Naomba habari za mwili wangu zisizungumzwe mbele za watu. Ukiwa na neno na mimi, niite pembeni, nitakuja." Angalia kwamba humwambii kama yuko sahihi au amekosea kuhusu sidiria. Unamwomba jambo moja tu, ambalo hata yeye angetaka kutendewa, na unamwachia nafasi yake ya ukubwa kwa kumwambia kwamba akikuita utakwenda.

Kuna mwalimu mmoja aliyenijia na shida inayofanana na yako. Tulikaa mezani, kila mmoja na kikombe chake cha chai, nikamwomba anitamkie sentensi hiyo kana kwamba mimi ndiye mwalimu mkuu msaidizi wake. Mara ya kwanza aliimaliza kwa kicheko kidogo, kile cha kuomba radhi. Mara ya pili alianza na "Samahani mama, sina nia mbaya, ila", na sauti ikashuka hadi maneno ya mwisho sikuyasikia. Kidole chake kilikuwa kinazunguka ukingo wa kikombe muda wote. Tulikiondoa kicheko, tukaiondoa samahani, akaweka mikono yote miwili mezani, na mara ya tano aliitamka kama mtu anayetaja saa ya kikao. Fanya hivyo nyumbani na mume wako au rafiki yako. Maneno ambayo mdomo haujawahi kuyatamka huwa hayatoki vizuri siku ya kwanza.

Najua utashawishika kumpiga kijembe badala ya kumfuata. Sisi tumejaliwa lugha ya mafumbo, na mwanamke wa pwani anaweza kumjibu jirani kwa kanga tu, akapita mbele yake amejifunga yenye maneno "Hasidi hana sababu", na wote mtaani wakaelewa. Naipenda sana sanaa hiyo. Lakini fumbo huwa na mlango wa kutokea kwa pande zote mbili: wewe unaweza kusema hukumlenga yeye, na yeye anaweza kusema hakuelewa. Katika jambo hili unataka aelewe, na unataka liishe. Tena yeye si hasidi. Kumjibu kana kwamba ni hasidi ni kumpa adui ambaye hakuwa naye.

Kaka wa idara ya mauzo ni habari nyingine kabisa, na ningekuomba usimpe jibu lilelile. "Leo upepo unapita" hayo si mawaidha, wala hajali kama umejistiri. Anakuambia kwamba anakutazama kifua, na anataka ujue. Kwa hiyo usimwambie umejistiri, maana utakuwa umekubali kwamba ana haki ya kukukagua. Simama, mtazame usoni, usitabasamu, umwambie: "Kaka, maneno hayo kuhusu mwili wangu sitaki kuyasikia tena." Basi. Atasema anatania, na huenda walio karibu wakamsaidia kusema hivyo. Lakini utani tunaujua, nchi yetu ina makabila yanayotaniana hadi msibani, na mtani ukimtania hukujibu, mkacheka wote wawili. Hapa anacheka mmoja tu, na mwingine anabadilisha njia ya kwenda chooni ili asipite karibu na meza yake. Mjibu, "Mimi sitanii," na uondoke.

Akirudia, chukua daftari. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe kama alivyoyatamka, na aliyekuwepo. Usiandike "ananisumbua", andika "alisema hivi". Likiwa na matukio mawili au matatu, lipeleke kwa afisa rasilimali watu kwa maandishi, ubaki na nakala. Hauombi fadhila. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 138D, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inaihesabu bughudha ya kingono kuwa kosa la jinai hata ikifanywa kwa maneno tu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inaihesabu bughudha dhidi ya mfanyakazi kwa sababu ya jinsi yake kuwa ubaguzi, na inaukataza. Kampuni ikikaa kimya ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Sikuelezi haya ili ukimbilie polisi kesho. Nakueleza ili unapomwambia anyamaze, uwe unajua kwamba nyuma ya sentensi yako kuna sheria.

Atatokea mtu wa kukuambia kwamba umejitakia, kwamba ungevaa kama wenzako kaka huyo asingesema kitu. Kauli hiyo ina historia katika jiji hili hili unalofanyia kazi. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua kuanzia Januari 1, 1969, kwa jina la kulinda utamaduni wa taifa. Kabla hata marufuku haijaanza, makundi ya vijana wa kiume yalizingira mabasi Kariakoo na kuwashambulia wanawake ambao wao waliwaona kuwa wamevaa vibaya, wakawachania nguo, mpaka polisi wakaingilia. Watu waliosema wanalinda stara ya mwanamke walimvua nguo barabarani. Nalikumbuka jambo hilo kila ninaposikia kwamba macho ya mwanamume ni kosa la aliyetazamwa.

Kuhusu kanuni za kazini, omba kuzisoma. Watumishi wa umma wana waraka wa mavazi wa mwaka 2007 unaokataza nguo za kubana na zinazoonyesha maungo, na kampuni nyingi binafsi zina maelezo yanayofanana na hayo. Mara nyingi utakuta yanazungumzia nguo ya nje: isiwe ya kuangaza, isibane, isiwe fupi. Hilo lifuate bila ubishi, na siku ya blauzi nyepesi vaa shimizi au singlendi ndani. Ukishalifuata, nguo yako ya ndani haimhusu msimamizi wako.

Amebaki mama mkwe, na kwake nitaivunja kanuni niliyokupa mwanzoni. Yeye mpe sababu, lakini iwe moja tu. Hofu yake ni ya kweli na imetokana na mapenzi, hata kama imekuja imevaa lawama, na mkwe hajibiwi kama mfanyakazi mwenzako. Subiri mkiwa jikoni wawili, mnachambua mchele au mnamenya vitunguu, umwambie: "Mama, nashukuru kwa kunijali. Nimemuuliza mtaalamu, ameniambia hakuna ushahidi kwamba kuacha sidiria ndiko kunakolaza matiti, na bila hiyo ngozi yangu imepona. Naomba tuliache hilo." Akilirudisha, usiongeze sababu ya pili. Sema, "Nashukuru, mama," na umuulize kitunguu kikatwe vipi. Likiendelea baada ya hapo, si lako tena, ni la mume wako. Ni mama yake, naye ndiye mwenye kinywa cha kumwambia, "Mama, mke wangu yuko salama, mwacheni." Zungumza naye kabla, mkubaliane maneno, ili siku hiyo asikae kimya akitazama simu.

Na hiyo sendoff. Kuivaa siku moja kwa hiari yako hakubatilishi uamuzi wako, kama vile kuvaa viatu virefu harusini hakukulazimishi kuvivaa sokoni. Ila usiivae kwa kudhani kwamba yataisha. Anayekusema Jumatatu atakusema tena Jumatatu inayofuata, na safari hii atakuambia kwamba kumbe unaweza. Kama ngozi haijakauka vizuri, usiiguse kabisa. Isitoshe huenda huihitaji, kwa sababu najua sare za sendoff zinavyoshonwa. Ukipewa kitambaa, mpelekee fundi wako mapema, umwombe atie bitana nzito ya pamba sehemu ya kifua na ashonee vikombe vyepesi ndani ya gauni. Mwambie siku ileile ya kupimwa, kwa sababu gauni likishashonwa, bitana ya kuongeza huvuta kitambaa na mshono hukunjamana kwapani.